Wazee, andikeni ya ukoo, riwaya itafuata

Imejengeka dhana kwamba mtunzi wa riwaya lazima aanze akiwa kijana, na kwamba mzee kazi yake ni kuwasimulia wajukuu. Mimi siafiki.

Tumtazame Scholastique Mukasonga. Alizaliwa Rwanda mwaka 1956, akakimbilia hapa Burundi mwaka 1973, na baadaye akahamia Ufaransa. Mama yake na ndugu zake wengi waliuawa mwaka 1994. Kitabu chake cha kwanza, 'Inyenzi ou les Cafards', kilitoka mwaka 2006, naye ana karibu miaka 50. Hakikuwa riwaya, bali habari za familia yake. Mwaka 2008 kikafuata kitabu kuhusu mama yake. Riwaya yake, 'Notre-Dame du Nil', ilitoka mwaka 2012, ikapata Tuzo ya Renaudot ya Ufaransa.

Sisi wa Kabonga tuna la kujifunza hapo. Mwambao huu wa Tanganyika, kuanzia Rumonge na Nyanza-Lac hadi mpakani, ulikumbwa na mauaji ya mwaka 1972. Maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo. Wengi waliorejea kuanzia mwaka 2008 walikuta mashamba yao yana watu wengine. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule, sasa amepita 70. Mali bila daftari huisha bila habari, na kumbukumbu nayo ni mali.

Mimi nilianza nikiwa nimevuka miaka 60. Niliandika majina: nani alimzaa nani, nani alivuka mpaka, nani hakufika. Nikakwama nilipofika kwa jirani aliyechukua michikichi yetu, kwani yu hai na wanawe wanacheza na wajukuu zangu. Kumtaja ni kufufua ugomvi. Katika riwaya nimempa jina jingine na kijiji kingine, na kwa mara ya kwanza nimejiuliza yeye naye alikuwa anakimbia nini.

Wapo watakaosema riwaya ni uongo. Ndiyo maana nasema daftari lianze. Humo majina yabaki kama yalivyo, litunzwe nyumbani. Riwaya ndiyo itoke kwa umma.

Vijana, nunueni daftari na kalamu, mkae na wazee wenu mwezi huu. Msisubiri matanga.