Riwaya Zetu Zinavunja Kamati Mapema Mno

Waandishi wenzangu, nitasema wazi, na atakayekasirika anijibu toleo lijalo: sisi vijana tunaoandika hatujui ndoa. Mapenzi tunayajua, harusi tunaijua, fumanizi ndiyo usiseme. Lakini pale katikati, baina ya harusi na fumanizi, ni giza tupu.

Chukua hadithi yoyote kati ya hizi tunazopeana mikononi kuombana maoni. Kijana kakutana na binti, wazazi wamekataa, wazazi wamelainika, keki imekatwa, mwisho. Au ile nyingine inayoanzia miaka kumi mbele: mume karudi safari bila kuaga, anafungua mlango, anakuta viatu visivyo vyake. Damu. Mwisho. Sasa mimi nauliza, ile miaka kumi imekwenda wapi? Walikuwa wanakula nini hawa watu? Nani alikuwa analipa kodi?

Nyote mmekaa kwenye kamati za harusi, au mmechangishwa nazo mpaka mkazima simu. Mnajua inavyokuwa. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao kila wiki, kadi za michango, ahadi, kukumbushana ahadi. Wanajadili ukumbi, wanajadili emsii, wanajadili rangi ya vitambaa vya viti kwa saa mbili. Harusi ikipita kinaitishwa kikao cha mwisho, watu wanakula na kunywa kilichobaki, hesabu zinasomwa, shughuli imekwisha: kamati imevunjwa. Sijawahi kusikia mjumbe akinyoosha mkono kuuliza, jamani, hawa wawili Jumatatu wanalala wapi?

Sisi waandishi ndiyo kamati yenyewe. Keki ikishakatwa tunavunja.

Nasema haya kwa sababu yamenikuta. Kamati yangu ilichangisha fedha ambazo mimi na mke wangu hatujazishika tena, na zote zikaliwa usiku mmoja. Siwalaumu waliochanga, walichanga kwa moyo mweupe. Lakini wiki ile ile ya harusi mimi nilikuwa nahangaika na dalali Mbagala.

Tulipata chumba katika nyumba ya aina mnayoijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, baraza mbele, na uani kuna jiko, choo na bafu la wote. Wasomi wa majengo wanaiita nyumba ya Kiswahili. Sisi tunaiita nyumba ya kupanga. Kodi elfu sitini kwa mwezi, ila mambo ya mwezi kwa mwezi hayapo. Mama mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, na dalali naye anataka mwezi wake mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Pigeni hesabu: 420,000. Mimi nilikuwa na 240,000. Ile sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005 nikiwa mtoto mdogo, na hata ingekuwepo, nani aende kushitaki huku ana harusi Jumamosi? Nikakopa 180,000 kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nikamwomba asimwambie dada yake. Hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

Tukahamia. Chumba futi kumi kwa kumi. Kitanda cha tano kwa sita kutoka kwa mafundi wa Keko kiliingia kwa ubavu, na kilipolala chini chumba kikaisha. Zawadi za kicheni pati tukazikuta kwenye maboksi: hotipoti tano. Watu wawili, sufuria moja ya maharage, hotipoti tano! Tukazisukuma uvunguni. Ndoo ya kuogea hatukuwa nayo, usiku wa kwanza tuliazima kwa jirani.

Kisha likaja suala la pazia. Asiyewahi kupanga chumba kimoja na mke hajui kazi ya pazia lile linalogawa chumba. Mbele yake ni sebuleni: viti viwili vya plastiki, kimeza, mgeni. Nyuma yake ni chumbani. Mama mkwe akija anakaa sebuleni, yaani futi tatu kutoka kitandani, na wote mnaongea kana kwamba kile kitanda kiko mkoa mwingine. Mimi nilitaka pazia jepesi la bei rahisi. Mke wangu akasema pazia jepesi taa ikiwaka nyuma yake ni sinema. Tukabishana siku tatu. Katika siku tatu zile nilimfahamu mke wangu kuliko miaka miwili ya uchumba, na nadhani yeye alinifahamu mimi zaidi, maana ndipo alipoanza kushangaa kwa nini elfu nane ya kitambaa inanitoa jasho.

Nikaandika hadithi juu ya pazia lile. Kurasa kumi na mbili, kwa mkono, nikachapa kwenye banda la fotokopi ninakofanya kazi. Nikaipeleka kwa mchapishaji mmoja mjini, simtaji. Ikarudi baada ya miezi miwili na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: “Hakuna kinachotokea.”

Hakuna kinachotokea! Ningemkaribisha mzee yule aje alale kwetu wiki moja tu.

Chukua umeme. Nyumba yetu ina mita moja ya LUKU kwa vyumba sita, na tunachangia sawa kwa sawa. Sisi tuna taa moja, pasi na chaji ya simu. Chumba cha mbele kina jokofu, na mwenye jokofu anauza barafu mtaa mzima. Sawa kwa sawa! Yuniti zikiisha usiku nyumba inaingia giza, halafu panakuwa kimya cha ajabu. Watu wako macho. Kila mlango unasubiri mlango mwingine ufunguke, maana atakayetoka kwanza kuulizia ndiye atakayenunua. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wamebana pumzi gizani. Wiki ya pili mke wangu alishindwa kuvumilia, akatoka. Akanunua kwa simu, akaingiza zile namba ishirini, taa zikawaka, milango yote ikafunguka kwa mpigo: “Ahsante bi harusi!” Mwezi mzima ikawa ndiyo kazi yake, na fedha za kumrudishia zikawa za kesho na keshokutwa. Shuleni tulifundishwa kutafuta matabaka ndani ya riwaya, tukakariri mpaka vichwa vikauma. Tabaka lile pale, juu ya mita, linauza barafu.

Au zamu ya kufagia korido na kusafisha choo. Zamu yetu ilipofika mke wangu alikuwa ameshatoka kuwahi gari la Kariakoo, anakouza duka la vitenge, basi nikashika ufagio mimi. Wanaume wa barazani walicheka wiki nzima. Bado wanacheka.

Najua mtakachonijibu. Mtasema ndoa wazee walishaiandika. Kweli. Euphrase Kezilahabi katika Kichwamaji, mwaka 1974, anamwoza Kazimoto kwa Sabina na anakaa nao humo ndani. Lakini ndoa ile ilibebeshwa mzigo wa falsafa nzima, na Kazimoto akaishia kujiua. Adam Shafi katika Vuta N’kuvute, mwaka 1999, anaanza na Yasmin, msichana mdogo aliyeozwa Raza, mtu mzima, ndoa iliyokuwa maiti tangu mwanzo. Riwaya hizo mbili nazipenda, nimezisoma mpaka majalada yakachomoka. Ila tazameni: zote mbili ndoa imewekwa pale ili ife. Na kwenye zile za upelelezi tulizokuwa tukificha chini ya madawati, Ben Mtobwa alimpa Joram Kiango mwenzi wake Nuru, wakawa wanaruka nchi hadi nchi, hoteli hadi hoteli. Sikumbuki hata siku moja dalali akiwagongea.

Wengine mtasema msomaji wa leo anataka kuyakimbia maisha haya, hataki kuyasoma. Waongo nyie. Kwetu jioni akina mama wanakusanyika chumba chenye televisheni kutazama tamthilia ya Kituruki. Tamthilia inachukua muda wake, inaisha. Kisha wanahamia uani na kesi ya ndoo iliyopotea, na hiyo inakwenda mpaka saa nne za usiku, na hakuna anayesinzia.

Sasa lile deni.

Kuta za nyumba yetu haziendi hadi juu. Zinaishia usawa wa kenchi, dari hakuna, sauti inatembea chumba hadi chumba kama paka. Ndoa changa katika nyumba ya kupanga hujifunza kugombana kwa kunong’ona. Jumapili moja usiku shemeji alipiga simu, mimi niko bafuni, mke wangu akapokea. Niliporudi alikuwa amekaa upande wa sebuleni, kwenye kiti cha plastiki, kama mgeni. Hakukasirikia mkopo. Alisema kwa mnong’ono, “Kwa hiyo nalala kwenye chumba alichokilipia kaka yangu, halafu mimi ndiye nisiyejua?” Nikajibu kwa mnong’ono. Akanijibu. Tuligombana karibu saa nzima bila sauti, midomo ikicheza kama watu walioko ibadani. Nilisema nilitaka kumlinda. Akaniuliza, kunilinda mimi au kuilinda sura yako? Sikuwa na jibu, nikanyamaza, na kunyamaza kwenyewe nikakufanya kwa sauti ndogo.

Asubuhi nikiwa uani napiga mswaki, mama wa chumba cha pili, anasuuza vyombo, hakuinua hata uso: “Poleni shemeji. Mtalipa tu.”

Basi. Hakuna aliyechomwa kisu, hakuna aliyekunywa sumu. Lakini kama hapo hakuna kilichotokea, mimi sijui neno kutokea maana yake nini.

Na sasa niungame, maana nisipoungama mtaniona nawanyooshea vidole wenzangu huku nimejificha. Baada ya ugomvi ule nilimpa mke wangu asome ile hadithi ya pazia. Alisoma kitandani, nyuma ya pazia lenyewe. Akamaliza, akauliza, “Huyu mwanamke mbona kazi yake ni kusimama na kushika kitambaa? Bei nani alipatana? Nani alishona, usiku, kwa mkono, akachomwa sindano?” Nilitazama. Kweli, nilikuwa nimemwandika kama bi harusi wa ukumbini: kakaa, katabasamu, kapambwa. Halafu akaniuliza lingine, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. “Na deni la kaka umeliweka wapi?”

Sikuliweka. Katika hadithi yangu mume analipa miezi sita kwa mkupuo, fedha zake mwenyewe, tena dalali anamwamkia. Kurasa kumi na mbili nimeandika juu ya pazia, na mimi mwenyewe nikajificha nyuma yake.

Ndiyo maana sikubali tena kwamba tunaishia ukumbini kwa sababu baada ya hapo hakuna kisa. Visa viko tele. Tunaishia ukumbini, hasa sisi wanaume, kwa sababu pale umevaa suti, hata kama ya kukodi, na kila mtu anakupigia makofi. Ukivuka mlango ule inabidi uandike kijana aliyeazima ndoo. Uandike aliyedanganya juu ya kodi, aliyekaa gizani amebana pumzi asubiri mke wa mtu anunue umeme. Inabidi ujiandike. Fumanizi ni rahisi, bwana, kwenye fumanizi mwenye aibu ni mwingine.

Mke wangu ameruhusu niandike haya kwa sharti moja, niseme deni halijaisha. Limebaki elfu sabini. Linaandikwa kwenye daftari, daftari linakaa ndani ya hotipoti moja uvunguni, na wote wawili tunajua ni hotipoti ipi.

Hadithi ya pazia nimeianza upya tangu ukurasa wa kwanza. Safari hii mwanamke ndiye anayepatana bei, na shemeji anapiga simu. Imefika kurasa ishirini na mbili. Naileta kwa mhariri wa jarida hili pamoja na makala haya. Mkiona haifai irudisheni, nimeshazoea, lakini kwenye ule mstari wa kalamu nyekundu naomba safari hii mtafute sababu nyingine.