Usonji Bukavu: Washauri wa kiwewe wapo, wa usonji watoke wapi?

Kwa zaidi ya miaka 20, kazi ya mwanasaikolojia mjini Bukavu imefungamana na vita. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ilijulikana duniani kwa kuwatibu wanawake waliobakwa na kuwapa ushauri wa kisaikolojia. Kituo cha SOSAME nacho huwahudumia wagonjwa wa akili. Mji huu wa Kivu Kusini una watu waliozoea kuketi na mtu na kumsikiliza. Swali ni iwapo usikilizaji huo unamfaa kijana mwenye usonji.

Hatari ya kwanza ni kumtambua vibaya. Kijana asiyemtazama mtu usoni, anayeziba masikio penye kelele na kunyamaza anapoulizwa, huko Bukavu huweza kudhaniwa haraka kuwa ana kiwewe. Lakini dalili za usonji huanza utotoni, ilhali kiwewe hufuata tukio. Mshauri asiyemuuliza mama jinsi mtoto alivyoanza kusema na kucheza na wenzake anaweza kupoteza miezi akitafuta tukio ambalo halipo. Tena, mwenye usonji anaweza kuwa na vyote viwili, kwani risasi alizisikia kama wengine.

Tiba ya mazungumzo haiondoi usonji, na anayeahidi hivyo ni wa kuepukwa. Inachoweza kupunguza ni wasiwasi na huzuni vinavyowaandama wengi wenye hali hiyo. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza kuhusu watu wazima unashauri tiba hiyo ibadilishwe: lugha iwe nyepesi na ya moja kwa moja, maandishi na picha vitumike, mapumziko yawepo, na mambo anayoyapenda mhusika yaingizwe.

Ushauri huo una uzito wa pekee Bukavu, ambako mtu huweza kuzungumza Kimashi nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa shuleni. Mwenye usonji akiulizwa kama ana "moyo mzito", anaweza kujibu kwamba kifua hakimuumi. Kumuuliza alilala saa ngapi, alikula nini na ni wapi alipoogopa kunaweza kuleta jibu. Kwa mtoto asiyezungumza, Shirika la Afya Duniani, WHO, lina mpango wa kuwafunza wazazi kumsaidia kupitia michezo na kazi za kila siku.

Kutafuta mtaalamu Kinshasa si rahisi. M23 ilipouteka mji Februari 2025, benki zilifungwa na safari za ndege kutoka Kavumu zikasimama. Sheria ya Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu kote nchini, lakini sheria peke yake haimpatii mzazi wa Bukavu mtaalamu.

Njia iliyo karibu zaidi ni kuwaongezea ujuzi washauri waliopo. Wakati hilo likisubiriwa, familia inaweza kumuuliza mshauri maswali matatu kabla ya kuanza: amewahi kumhudumia mwenye usonji? Yuko tayari kubadili namna ya kuuliza? Na lengo lake ni kumpunguzia kijana hofu, au ni kumfanya afanane na wengine? Jibu la swali la tatu ndilo la kupimwa kwa makini zaidi.