Samaki mmoja akioza, tumwage tenga zima?

Kuna methali siipendi hata kidogo: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Waliojenga maktaba ya C++ inayokuja na kompaila ya GCC waliigeuza kuwa sheria.

Mwaka 2011 lugha ya C++ ilipata kiwango kipya. Ndani yake imo std::to_string, fanksheni ya kugeuza namba kuwa maandishi. Ina sura tisa: sita za namba kamili, tatu za namba zenye desimali. Kitu kidogo, cha kila siku. Kwenye Linux uliipata. Lakini watumiaji wa MinGW kwenye Windows, na wale wa gnustl kwenye Android, walijibiwa kwamba to_string haimo ndani ya std. Sura zote tisa, hakuna!

Kwa nini? Maktaba ilipojengwa, ilipima kwanza kama mfumo husika una fanksheni za C99, yaani kiwango cha C cha mwaka 1999. Ikikosekana moja, hata ya hisabati ambayo to_string haiigusi, kundi zima linazimwa. Kwenye MinGW kikwazo kilikuwa vswprintf, inayoshughulikia herufi pana. Jamani, kugeuza 7 kuwa maandishi kunahusiana nini na herufi pana?

Mtaalamu hakuumia sana, alipita njia ya stringstream. Aliyeumia ni kijana anayejifunza peke yake: kitabu kinasema ipo, mashine inasema haipo. Atamwamini nani? Atajilaumu mwenyewe.

Najua mtaniambia hizi ni programu huria, asiyeridhika arekebishe. Sawa. Lakini mtu atarekebishaje asichoambiwa? Ujumbe ule wa kosa haukutaja C99 hata mara moja.

Na dawa ilikuwepo. GCC 6 ya mwaka 2016 ilitenganisha vipimo hivyo, kila kundi likapimwa kivyake. Miaka mitano baada ya kiwango! Gnustl yenyewe iliondolewa kwenye vifaa vya Android mwaka 2018, ikabaki libc++.

Wakubwa wa kompaila huiita mifumo kama hii ya pembeni. Pembeni mwa nani? Android ndiyo iliyojaa mifukoni mwetu. Kiwango ni ahadi kwa wote. Mkishindwa kutimiza moja, semeni ni ipi, na mtuachie zile nane.