Fidia ya Ajali: Usitie Sahihi Kabla ya Kidonda Kupona



Sisi tukaao Mombo tumezoea mingurumo ya magari. Hapa ndipo barabara kuu itokayo Korogwe kwenda Same na Moshi ikutanapo na ile ipandayo Soni na Lushoto kwa kona zake nyingi. Zamani tulikuwa watu wa gari la moshi, maana reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905. Siku hizi ni mabasi, malori ya mboga yashukayo mlimani, na pikipiki za abiria zisizo na idadi. Penye magari mengi ajali hazikosi. Mwezi wa Februari 2023, katika wilaya hii hii ya Korogwe, lori liligongana usiku na basi dogo lililochukua maiti na waombolezaji kwenda Kilimanjaro, na habari ya kwanza ya Serikali ilitaja watu 17 waliokufa.

Katika msiba kama huo kila mtu huuliza habari za maiti na majeruhi. Ni wachache waulizao habari ya fidia, na aulizaye huonekana mwenye tamaa. Twaona yafaa jambo hili lisemwe waziwazi.

Mwenzetu mmoja, karani, aligongwa na gari la abiria akivuka barabara. Alipokuwa bado kitandani alijiwa na mtu wa upande wa mwenye gari, mwenye adabu nyingi, akaleta fedha za dawa pamoja na karatasi iliyoandikwa tayari. Wazee wa pande zote mbili walikuwapo, wakamwambia, "Bwana, ajali haina kinga, yamalizeni kindugu." Akatia sahihi. Karatasi ile ilisema kwamba amepokea malipo yake yote wala hatadai neno lo lote tena. Baada ya miezi mitano mfupa ulionekana umeunga vibaya, ikambidi apasuliwe mara ya pili, akauza ng'ombe wawili. Naye ni mtu awaandikiaye wengine barua kila siku! Karatasi aliisoma, lakini hakuipima.

Hatuwalaumu wazee. Upatanisho ni mila njema, nasi hatutaki ufe. Lakini msamaha, adhabu na fidia ni mambo matatu mbalimbali. Msamaha ni wa moyo wako, umpe umpendaye. Adhabu ni ya Serikali: dereva akitozwa faini mahakamani, faini ile huingia katika hazina, wala haimfikii aliyevunjika mguu. Fidia ni deni. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, yaamuru kila gari litumikalo barabarani liwe na bima kwa ajili ya madhara yatakayowapata watu wengine, na ada yake hulipwa kabla ya safari. Basi adaiye kwa kampuni ya bima hamnyang'anyi dereva kitu. Aomba kile kilichokwisha kulipiwa. Mtu aweza kumsamehe dereva na kumpa mkono, na kesho yake akapeleka madai yake kwa bima, wala asiwe mnafiki.

Sasa njia yenyewe. Kwanza, polisi wapewe habari upesi, na majeruhi apewe fomu ya PF3, ambayo mganga huiandika aliyoyaona mwilini. Pili, nakili namba ya gari, jina la kampuni ya bima na majina ya mashahidi, kwani baada ya wiki moja mashahidi husahau. Tatu, tunza kila stakabadhi: ya dawa, ya nauli, ya picha ya mfupa, na hati ya mshahara uliokatika. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1992 kwamba hasara maalumu sharti itajwe wazi na kuthibitishwa. Maumivu na ulemavu jaji aweza kuyakadiria mwenyewe, bali fedha zilizotumika hutaka karatasi. Nne, usingoje mno: madai ya madhara ya namna hii hupewa miaka mitatu tu na Sheria ya Ukomo. Aliyekufa naye hakuacha haki yake kaburini, maana sheria yawaruhusu mume au mke, watoto na wazazi wake kudai.

Aliyeumia akiwa kazini, au safarini kwa kazi ya mwajiri wake, ana mlango mwingine, nao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Watumishi wa Serikali na wa watu binafsi wote wamo. Mchango hutolewa na mwajiri, wala hakuna senti ikatwayo katika mshahara wa mfanyakazi. Mfuko hulipa matibabu, malipo ya ulemavu, gharama za mazishi na pensheni ya wategemezi. Lakini mwajiri sharti aarifiwe mara moja, na madai yafike kabla ya miezi kumi na miwili kupita. Kwa makarani wa ofisi hili ni jukumu letu wenyewe: barua ikilala mezani petu, mjane hulala njaa.

Je, kupatana nje ya mahakama ni kubaya? Sivyo. Kesi ni ndefu, na wakili hutaka ujira wake. Mapatano ni mema yakija kwa wakati wake, yaani baada ya mganga kusema jeraha limefikia kikomo chake, na baada ya kuhesabiwa gharama zilizopita na zitakazokuja. Kampuni ikikataa bila sababu au ikikawiza, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Wala tusiongeze chumvi katika madai, kwani stakabadhi moja ya uongo huharibu tisa za kweli.

Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, naye Martin Kayamba akiwa mbele, wenye elimu walijifunza kusimama pamoja. Elimu hiyo si yetu peke yetu. Mkulima wa Soni akiletewa karatasi hospitalini, na apate mmoja wetu wa kumsomea polepole, bila kumtoza fungu la fidia yake. Na ajibu, "Ahsante, bwana, iache hapa; nitaitia sahihi mguu ukipona."

Haya ndiyo maoni yetu. Wanachama na wayapime.