Lenzi ya Kwanza: Nunua ya Sebuleni, Siyo ya Mbugani

Mwezi umekatika, na mshahara nao ulishakatika siku nyingi, lakini maisha lazima yasonge. Leo tuongelee jambo ambalo ukilitazama kwa nje utadhani ni la mafundi wa picha tu, kumbe ndani yake kuna hela, kuna mapenzi, na kuna ugomvi wa chini chini. Umenunua kamera mpya ya dijitali. Hongera! Sasa kila unayekutana naye anakwambia lenzi iliyokuja nayo ni ya kuanzia tu, ongeza nyingine. Haya, uongeze ipi? Na kwa bei gani ambayo haitagusa kodi ya nyumba?

Najua kuna atakayesema, "Mbona simu yangu inapiga picha safi tu?" Ni kweli, na kama inakutosha, wala usihangaike. Safu ya leo ni ya wale ambao kamera wameshainunua, iko mezani, na wameanza kujiuliza kwa nini picha za ndani zinatoka za giza au zimetikisika wakati za nje ni bomba.

Ukiniuliza mimi, nitakujibu hivi: lenzi ya kwanza ya kuongeza ichaguliwe kwa picha unazopiga kila wiki, siyo kwa safari unayoiota. Kwa wengi wetu picha hizo ni za watu, zinapigwa ndani, na mara nyingi taa zikiwa zimeshawashwa.

Namba zile zina maana gani?

Lenzi inayouzwa pamoja na kamera za kuanzia kwa kawaida imeandikwa 18-55mm, na pembeni f/3.5-5.6. Namba za milimita zinakwambia lenzi inaona eneo kubwa kiasi gani. Ikiwa ndogo, kama 18, inameza chumba kizima. Ikiwa kubwa, inavuta kilicho mbali.

Namba ya f inahusu tundu la kupitisha mwanga, na hapo mambo yamegeuzwa kidogo: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukiivuta lenzi hiyo hadi 55 ili upate sura ya mtu vizuri, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Mara kumi, jamani!

Kwa vitendo iko hivi. Sebuleni usiku kuna taa moja. Kamera kwenye f/5.6 inaweza kuhitaji 1/8 ya sekunde ili ipate mwanga wa kutosha. Hakuna mtoto anayetulia muda huo, na hata mtu mzima akicheka tu, picha imeharibika. Kwenye f/1.8, taa ile ile, muda unashuka hadi karibu 1/80, na mtu anayecheka unampata akiwa anacheka. Wauzaji watakwambia lenzi yao ina kifaa cha kuzuia mtikisiko. Sawa, kinasaidia mkono wako usitikise picha, ila hakimzuii mtoto asikimbie.

"Dada, utuamulie"

Kuna wanandoa ninaowafahamu, wote wafanyakazi, wa hapa hapa Dar. Walikuwa wameweka akiba ya laki nne kwa ajili ya lenzi, na walikuwa wanatarajia mtoto wao wa kwanza baada ya kama miezi miwili. Walikuja kunisalimia, wakakaa, chai ikaja, na kabla haijapoa mke akasema, "Dada, naomba utuamulie leo."

Mume alikuwa anataka lenzi ndefu ya kuvuta, 70-300mm. Hoja zake hazikuwa za mchezo. Walikuwa wamepanga kwenda Mikumi, na juu ya hapo alitaka aanze kupiga picha za harusi Jumamosi ili kiingie cha ziada, maana mtoto ana gharama. "Mtu akikuona na lenzi ndefu anajua wewe ni fundi," aliniambia. Mke hakuwa na jina la lenzi aliyoitaka. Alikuwa na sababu moja tu, na aliisema taratibu huku akizungusha kikombe.

"Baba alipofariki tulitafuta picha yake nyumba nzima. Harusini kwetu yupo, lakini kwa mbali, kwenye kundi. Iliyokaa juu ya jeneza ilikuwa ya pasipoti, tukaikuza. Baba yangu hakuwa na sura ile. Ile ilikuwa sura ya mtu aliyeambiwa asicheke."

Mume akanyamaza. Hata mimi nilikosa la kusema kwa muda.

Niliwaomba waiwashe kamera waliyokuja nayo, tukapitia picha 100 za mwisho pamoja. Kamera nyingi ukibonyeza kitufe cha taarifa zinakuonyesha picha ilipigwa kwenye milimita ngapi. Tukahesabu kwenye karatasi. Picha 81 zilikuwa za watu, na zaidi ya nusu yake zilipigwa ndani: jikoni, sebuleni, kwa mama mkwe, kwenye kipaimara. Zilizopigwa lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, hali ya kuwa bado ingehitajika nguvu zaidi, zilikuwa nne. Mbili kati ya hizo zilikuwa za ndege mmoja juu ya mnazi.

Nilimwambia mume jambo jingine ambalo hakulitegemea. Zile 70-300 za bei ya chini ukizivuta hadi mwisho zinabaki kwenye f/5.6 au hata chini ya hapo, na kumbi zetu za harusi mnazijua zilivyo, taa za rangi na giza katikati. Kwa hiyo hata hiyo kazi ya Jumamosi ingemshinda kwa lenzi ile ile aliyoitaka ili aifanye.

Usinielewe vibaya, lenzi ndefu siyo mbaya. Ukienda mbugani ni yenyewe, na mwenye mtoto anayecheza mpira uwanjani mchana ataifurahia. Ninachosema ni kwamba kwa wengi wetu hiyo ni ya pili au ya tatu.

50 au 35?

Lenzi maarufu ya bei nafuu ni 50mm f/1.8. Haivuti wala hairudi nyuma. Ukitaka karibu, sogea. Ukitaka mbali, rudi. Canon walipotoa EF 50mm f/1.8 STM mwaka 2015, Marekani iliuzwa takribani dola 125, na ya kamera zao mpya, RF 50mm f/1.8 STM, ilitoka mwaka 2020 kwa kama dola 200. Huku kwetu bei inategemea duka na ushuru, kwa hiyo uliza maduka matatu kabla hujatoa hela. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, mmoja wa wapiga picha wakubwa wa karne ya 20, alifanya sehemu kubwa ya kazi zake kwa lenzi ya 50mm.

Ila subiri kidogo. Cartier-Bresson alitumia filamu ya milimita 35. Kamera nyingi za kuanzia za dijitali zina kibamba cha kupokea mwanga kilicho kidogo kuliko hiyo filamu, na matokeo yake 50mm inabana zaidi, kama lenzi ya 75 au 80. Pima sebule yako. Ili umpige mtu mzima kutoka utosini hadi kwenye nyayo, kamera ikiwa wima, kwa 50mm unahitaji kama mita nne na nusu. Kwa 35mm unahitaji kama tatu. Kwenye vyumba vyetu vya kupanga, hiyo mita moja na nusu ndiyo ukuta!

Kwa hiyo kama unataka zaidi sura za watu, kuanzia kiunoni kwenda juu, chukua 50. Kama unataka mtu na chumba chake, mama na jiko lake, familia mezani, chukua 35 au pungufu. Nikon wana DX 35mm f/1.8G tangu mwaka 2009. Canon wana EF-S 24mm f/2.8 STM ya mwaka 2014, nyembamba kama kisosi, haifikii f/1.8, lakini bado inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6.

Je, itaingia kwenye kamera yako?

Hapa ndipo hela za watu hupotea, maana lenzi nafuu isiyoingia ni ghali kuliko zote. Kamera za Canon za kioo ndani zinachukua EF, na zile zenye kibamba kidogo zinachukua EF-S pia. Kamera zao za R, zilizoanza mwaka 2018 bila kile kioo, zinachukua RF. Ukitaka kuzivalisha EF unahitaji kiunganishi, na RF haiingii kabisa kwenye zile za zamani.

Kwa Nikon, kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya kufokasi ndani. Ukiuziwa 50mm f/1.8D kwa sababu ni rahisi, itaingia na itapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Na kama kamera yako ni ya familia ya Z, hakikisha lenzi ni ya Z, la sivyo nayo itataka kiunganishi.

Ya mtumba je?

Siyo aibu hata kidogo. Lenzi ikitunzwa inaweza kuishi kuliko kamera mbili. Lakini sisi wa pwani, kuanzia Mombasa, Unguja hadi Mtwara, tuna adui anayeitwa unyevu. Kuvu huota ndani ya vioo. Washa tochi, imulike lenzi kutoka nyuma na uchungulie: ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, rudisha, hata kama muuzaji anapunguza bei. Vumbi kidogo siyo tatizo. Halafu ivalishe kwenye kamera yako mwenyewe, pale pale dukani, piga picha za karibu na za mbali, uzikuze kwenye kioo cha nyuma uone kama ziko wazi.

Ukifika nayo nyumbani usiifungie kabatini ndani ya mkoba wa ngozi. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe vikishajaa. Bora zaidi, itumie. Lenzi inayotoka nje mara kwa mara hupata kuvu kwa shida.

Kabla hamjatoa hela

Kama mko wawili, kubalianeni kwanza kiwango cha juu kabisa, na kiandikwe. Msitumie yote kwenye lenzi. Bakizeni ya kusafishia picha, kwa sababu picha isiyotoka kwenye kadi ni kama haipo.

Kisha fanyeni jaribio la wiki moja lisilo na gharama. Chukueni lenzi iliyokuja na kamera, iwekeni kwenye 35, mfunge pete yake kwa plasta ili isizunguke. Pigeni siku tatu. Halafu ipelekeni hadi mwisho, kwenye 55, siku tatu nyingine. Mtajua wenyewe ni ipi inayowafaa, bila kuniuliza mimi wala muuzaji.

Na mkishainunua, msikae kwenye f/1.8 kila saa. Kwa tundu hilo, mkipigwa wawili mmoja akiwa nyuma kidogo, mmoja atatoka wazi na mwingine atakuwa na ukungu. Kwa picha za wawili nendeni f/4, msimame mstari mmoja. Ndoa zina mambo mengi ya kugombania, hilo lisiwe mojawapo.

Jumapili hii, mkienda kuwasalimia wazee, wawekeni karibu na dirisha, zimeni flashi, ongeeni nao mpaka wasahau kuwa mmeshika kamera. Wakicheka, bonyeza.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.