Mashauri kwa Msafiri: Teksi za Mji wa Roma

Watu wa kwetu Songea waendao Roma si haba: mapadre na masista kwa masomo, na wazee waliojiwekea akiba miaka mingi ili wakahiji. Hufika katika uwanja wa ndege wa Fiumicino wamechoka, lugha hawaijui, na mizigo ni mizito. Hapo ndipo fedha hupotea. Basi leo twaona yafaa kusema juu ya teksi.

Hapa Lizaboni kila mtu ajua desturi. Ukitaka bodaboda au bajaji, wauliza bei kwanza, mwapatana kwa maneno, ndipo wapanda. Asiyepatana mapema atagombana mwisho wa safari. Desturi hii ni njema, lakini huko Roma yaweza kumponza mgeni, maana yule anayetaka mpatane kwa maneno mara nyingi ndiye asiye na ruhusa ya serikali. Atakujia ndani ya jengo la uwanja, kabla hujatoka mlangoni, akisema "Teksi, teksi" kwa sauti ya upole, na mkono wake umekwisha shika sanduku lako. Usimpe! Dereva wa halali hungoja nje, katika safu pamoja na wenzake. Gari lake ni jeupe, juu yake pana kibao cha TAXI, na mlangoni pameandikwa jina la mji na namba ya leseni. Ndani mna mita.

Mita hiyo huhesabu nauli kwa umbali na kwa muda. Aliyeiunda ni Mjerumani, Friedrich Wilhelm Gustav Bruhn, mwaka 1891. Walimu watapenda kujua ya kuwa neno teksi limetokana na jina la chombo hicho, taksimita, yaani kipimo cha nauli. Gari ndilo lililorithi jina la chombo.

Lakini kutoka Fiumicino mpaka ndani ya ukuta wa kale, uliojengwa na Kaisari Aurelianus katika karne ya 3, serikali ya mji imeweka bei moja. Ilikuwa euro 50, ikapandishwa kuwa 55 mwaka 2024. Ni bei ya gari zima, wala si ya kila abiria, na mizigo imo. Baba, mama na watoto wawili hulipa euro 55 tu. Mtu akikuambia ni 55 kwa kila kichwa, shuka. Kwa fedha yetu ni karibu shilingi laki moja na nusu. Sasa zizidishe mara nne, uone hasara ya nyumba hiyo.

Jambo moja huwakwaza mahujaji hasa. Kanisa la Mtakatifu Petro liko nje ya ukuta huo. Basi mwenye kulala karibu na Vatikano asidhani ya kuwa bei ile yamhusu bila shaka. Aonyeshe anwani iliyoandikwa karatasini, aulize kabla mlango haujafungwa.

Msafiri aliye peke yake, mwenye sanduku dogo, sioni haja yake ya teksi. Liko gari la moshi liitwalo Leonardo Express, nauli yake euro 14, nalo hufika stesheni ya Termini kwa dakika 32. Wakiwa wanne, gharama zakaribiana, na teksi itawafikisha mpaka mlangoni.

Tena, ukiita teksi kwa simu, itakapofika utakuta mita imekwisha andika kiasi fulani. Ndiyo kanuni ya huko, maana dereva amekuja kwa ajili yako, usimwite mwizi. Mwisho wa safari omba stakabadhi, ambayo Waitalia huiita ricevuta, uangalie kwamba namba ya gari imeandikwa. Ukisahau mkoba kitini, namba hiyo ndiyo itakayokusaidia kuutafuta.