Tusiende kwa Mheshimiwa Mikono Mitupu

Wapenda mageuzi, nanyi ndugu katika imani,

Nani kati yetu asiyeijua foleni ya langoni kwa Mheshimiwa? Toka Gataka hadi Kitengela, toka Isinya hadi Kajiado mjini, ni ile ile. Mama amekuja na barua ya karo. Kijana ametumwa na timu yake kuomba jezi. Mzee wa kanisa ana kadi ya harambee ya mabati, na aliyefiwa ana bili ya hospitali, ambayo isipolipwa maiti haitatoka. Wanangoja tangu alfajiri. Jua likipanda, lango linafunguliwa, noti inabadili mikono, ahadi inatolewa, na watu wanarudi makwao wakisifu. Katika foleni yote hiyo hakuna aliyemwuliza Mheshimiwa alipigaje kura Bungeni, wala aliyemwachia karatasi yenye sahihi yake.

Hatuwadharau waliosimama pale. Shida ni shida, na mwenye maiti mochari hana nafasi ya kusomewa Katiba. Lakini yatupasa kusema wazi, sisi tunaojiita watu wa mageuzi, kwamba foleni hiyo ni mlolongo wa pili.

Wenye umri wanaukumbuka mlolongo wa kwanza. Mwaka 1988, katika uteuzi wa KANU iliyokuwa chama pekee, wananchi walipangwa mistari nyuma ya wagombea au mawakala wao, wakahesabiwa hadharani kama mifugo mnadani. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa kuwa mbunge papo hapo, bila kura ya siri. Mahali pengi mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipoufichua uovu huo, serikali ililipiga marufuku mwaka huo huo na mhariri wake akatiwa gerezani.

Ubaya wa mlolongo haukuwa wizi wa hesabu peke yake. Ulimsimamisha raia nyuma ya mtu, mbele ya macho ya chifu, ili ijulikane yeye ni wa nani. Foleni ya langoni inafanya kazi iyo hiyo kwa upole zaidi. Aliyepokea karo ya mtoto mkononi mwa mbunge mwezi wa Januari, atainukaje mwezi wa Juni kumwambia kwamba kodi aliyoipitisha inawaumiza? Atanyamaza, na kunyamaza kwake ataita shukrani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tumeinama miaka mingi hata tumesahau kwamba hicho cha mvunguni ni chetu.

Na mlolongo wa kwanza uliangushwa na nini? Wako watakaotaja wafadhili wa kigeni, wako watakaotaja Saba Saba ya 1990, na yote mawili yana ukweli. Lakini liko jambo la tatu ambalo sisi wa Kajiado hatuna ruhusa ya kulisahau. Mwaka huo wa 1990 KANU iliunda kamati ya kuzunguka nchi ikikusanya maoni ya wananchi. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa George Saitoti, Makamu wa Rais, naye ndiye aliyekuwa mbunge wa Kajiado Kaskazini. Kamati ilikusudiwa kupoza joto la kisiasa. Zama zile mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, na Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamekamatwa mwezi wa Julai. Hata hivyo wananchi walijitokeza, wakasema makubwa kuliko yale waliyoitiwa kusema. Desemba 1990 mkutano wa wajumbe wa KANU ukakubali kuuzika mlolongo na kanuni yake ya asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1991, kifungu cha 2A, kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kikafutwa. Hawakwenda kuomba jezi wale. Walikwenda na neno, wakataka liandikwe.

Nguvu ya maandishi si jambo la kufundishwa Kajiado na mgeni. Mwaka 1904 alama za wazee wa Kimaasai ziliwekwa kwenye mkataba, na tena mwaka 1911, na kwa mikataba hiyo miwili malisho ya Bonde la Ufa na ya Laikipia yakawaponyoka. Mwaka 1913 Wamaasai walikwenda mahakamani kudai haki yao. Kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya mataifa mawili, hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuisikiliza. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, wajukuu wa wazee wale waliandamana kupeleka madai yao kwa serikali ya Kenya na ya Uingereza. Waliotunyang'anya walijua thamani ya karatasi. Sisi ndio tunaoidharau, tukiona kwamba kuonana na Mheshimiwa uso kwa uso dakika mbili ni bora kuliko ukurasa mmoja asioweza kuukana.

Nanyi mnaosoma Neno, mwamkumbuka Selofehadi? Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti zake watano walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu, na mkutano wote. Hawakuomba sadaka. Walisema baba yao amekufa bila mwana wa kiume na sheria inawanyima urithi, wakataka wapewe milki pamoja na ndugu za baba yao. Musa hakuwapa noti. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na sheria ikabadilika kwa ajili yao na kwa wote waliofuata. Hiyo ndiyo ardhilhali, yaani ombi rasmi linalopelekwa mbele ya wenye mamlaka. Tena ilikuwa ardhilhali ya ardhi, iliyoletwa na wanawake! Katika kaunti hii, ambako madaftari ya ranchi za jumuiya yaliyofunguliwa kwa sheria ya 1968 yaliandika wakuu wa boma, karibu wote wanaume, ni makanisa mangapi yamewahi kuihubiri sura hiyo na kuiweka meza ya kutia sahihi nje ya mlango baada ya ibada?

Tunajua tutakayojibiwa. Mtasema: tulijaribu mwaka 2024. Kweli, Juni ya mwaka huo vijana walisambaza nambari za simu za wabunge, wakawatumia ujumbe usiku na mchana kupinga Mswada wa Fedha, hata baadhi ya waheshimiwa wakalalamika kwamba wanasumbuliwa. Juni 25 Bunge la Taifa likaupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni, damu ikamwagika, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Heshima zetu zote ni kwa vijana waliopoteza maisha. Kwa sababu ya heshima hiyo hiyo twauliza: mbona ilibidi ifike huko? Ujumbe wa simu usio na jina hufutwa kwa kidole. Mbunge huusoma na kujiambia kwamba huyu si wa kwangu, huyu ametumwa. Lakini karatasi yenye majina 800 ya wapiga kura wa eneo bunge lake, iliyopokewa na kugongwa muhuri, haifutwi kwa kidole.

Sheria iko upande wetu. Ibara ya 119 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali Bungeni kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka ya Bunge, pamoja na kutaka sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Sheria ya mwaka 2012 ikaeleza utaratibu, nao hauhitaji wakili. Ardhilhali yaweza kuandikwa kwa mkono. Yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na hili tunalikazia, kwa kuwa wengi wetu hudhani Bunge husikia Kiingereza tu. Isiwe na maneno yaliyofutwafutwa. Iwe na lugha ya adabu, na hapa baadhi ya ndugu zetu wa mageuzi itawabidi wameze mate. Ieleze ni juhudi gani zilikwisha kufanywa na jibu gani lilipatikana, na kama jambo liko mahakamani au la. Imalizike kwa kusema waziwazi tunachotaka kifanywe. Chini yake yawepo majina, anwani, nambari za kitambulisho na sahihi. Hupelekwa kwa Karani wa Bunge, au mbunge huiwasilisha kwa niaba ya waliotia sahihi. Kwa Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa, kamati iliyokabidhiwa ina muda uliowekwa wa kutoa jibu. Na kwa mambo ya kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatupa haki kama hiyo mbele ya Bunge la Kaunti.

Neno hilo la mwisho lina uzito kwetu. Kajiado ina maeneo bunge 5 na wadi 25, na tuna hakika kwamba wengi wanaomlaani mbunge wao juu ya maji hawajawahi kumwandikia mwakilishi wadi. Maji, zahanati, chekechea na barabara za mitaani ni kazi ya kaunti. Hati za ardhi, polisi, shule za sekondari na barabara kuu ya Namanga ni za serikali ya kitaifa. Kumpelekea mbunge kilio cha mfereji wa mtaa ni kumpa nafasi ya kujibu kwa lori moja la maji, lenye picha yake ubavuni, wakati wa kampeni. Apendalo ndilo hilo.

Wala hatudanganyiki kwamba wabunge wamejitwika kazi ya basari na madarasa kwa huruma peke yake. Mfuko wa CDF ulianzishwa mwaka 2003, na tangu hapo mbunge amepimwa kwa idadi ya madarasa aliyoyapaka rangi. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria ya CDF ya 2013, ambayo kufikia hapo ilikuwa imekwisha kupisha nyingine ya 2015, ilikiuka Katiba. Sababu mojawapo ni kwamba mtunga sheria hapaswi kuwa mtekelezaji wa miradi. Mahakama ilinena. Langoni foleni haikupungua.

Sasa twageukia nyumbani mwa Bwana. Kanisa lililotoa Njoya, Okullu na Muge, kanisa lililopigwa na polisi ndani ya All Saints Cathedral Julai 7, 1997, limekuwaje kituo cha kupokelea bahasha? Mheshimiwa huja Jumapili amechelewa, huketishwa mbele, hupewa kipaza sauti, huacha fungu, huondoka kabla ya baraka. Washarika wamepigiwa siasa, wala hawakupewa nafasi ya swali hata moja. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alisema wanasiasa wasipewe mimbari. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mchango wa Rais kwa parokia ya Soweto na kuagiza fedha zirudishwe. Tulishangilia. Lakini kurudisha bahasha ni nusu ya kazi. Mheshimiwa akija, apewe kiti miongoni mwa waumini, na baada ya ibada, nje ya mlango, akabidhiwe waraka wa washarika mbele ya mashahidi, atie sahihi kwamba ameupokea.

Wako watakaosema ardhilhali hufia kwenye kamati. Nyingine hufa, ndiyo. Hufa zile zilizopelekwa na kusahauliwa na waliozipeleka, wasioweka nakala, wasiohesabu siku. Iliyopitwa na muda wake wa kujibiwa haitakufa endapo itasomwa katika matangazo ya kanisa, pamoja na jina la kamati iliyokaa kimya. Wako pia watakaosema heri tumwondoe mbunge mwenyewe. Ibara ya 104 inatoa haki hiyo, lakini masharti yaliyowekwa na wabunge wenyewe yalikuwa mazito hivi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa vyake, na hakuna mbunge aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa njia hiyo. Tusingoje silaha iliyofungiwa kabatini huku tukiiacha iliyo mezani.

Basi tuanze na jambo moja tu, si kumi. Kila kundi la Gataka, la Kitengela, la Kajiado, lichague shida moja, lijue ni ya mbunge au ya mwakilishi wadi, liiandike ukurasa mmoja. Jumapili ijayo meza iwekwe nje ya kanisa, pamoja na kalamu mbili, na mtu mwaminifu wa kulinda orodha, maana nambari ya kitambulisho cha mtu si kitu cha kuachwa kizagae. Nakala moja ibaki kwa katibu. Tarehe ya kupokewa iandikwe kwenye ubao wa matangazo. Asiyejua kuandika asirudishwe: aweke dole gumba, sheria inalikubali.